Maswali ya Wasomaji: Umealikwa Kucheza Gofu, Ujiandae Vipi?

Barua za gofu zinazotoka Mtwara na Lindi zinafanana mwanzo wake. Benki, kampuni ya gesi, kiwanda cha saruji au wanunuzi wa korosho wameandaa shindano la hisani Dar es Salaam, na jina la mwandishi limo kwenye orodha. Mwenyewe hajawahi kushika fimbo. Tumezichagua chache. Kabla ya kuzijibu tuseme jambo moja, kwa sababu majibu yote yanalitegemea: wacheza gofu humvumilia sana mtu anayepiga vibaya, maana kila mmoja alianzia hapo. Wasiyemvumilia ni anayewachelewesha, anayehatarisha wenzake, au anayeacha kiwanja kimeharibika nyuma yake. Kuyaepuka hayo matatu hakuhitaji kipaji chochote, kunahitaji maandalizi.

Nafanya kazi benki hapa Mtwara. Meneja ameniweka kwenye timu ya watu wanne itakayocheza shindano la hisani Dar baada ya wiki tatu. Sina fimbo, sina viatu, sijui hata pa kuanzia. Nifanyeje nisilitie aibu tawi letu?
*Mfanyakazi wa benki, Ligula, Mtwara*

Kabla hujanunua chochote, wapigie simu waandaaji uulize mambo matano: mtindo wa mchezo, saa ya kuripoti, kama klabu inakodisha fimbo, masharti ya mavazi, na utaratibu wa kumlipa kedi, yaani yule anayekubebea mfuko wa fimbo. Lenye uzito kuliko yote ni la mtindo. Mashindano mengi ya hisani ya timu za watu wanne huchezwa kwa skrambo: wote wanne wanapiga, timu inachagua mpira uliokaa vizuri zaidi, kisha wote wanapiga tena kutoka hapo hadi mpira uingie shimoni. Kwa mgeni hii ni nafuu kubwa. Mpira wako ukienda vichakani unauokota tu, unaendelea kutoka pale alipofika mwenzako.

Nafuu hiyo ndiyo ikuonyeshe pa kutumia wiki zako tatu. Mpigo mrefu wa kwanza huwezi kuufahamu kwa muda huo, na wenzako wenye uzoefu watakushinda. Lakini kwenye grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, wote wanne mnaputi, yaani mnausukuma mpira utembee chini hadi shimoni, kutoka sehemu ileile, na mgeni aliyefanya mazoezi anaweza kabisa kuingiza mpira ambao mzoefu ameukosa. Kwa hiyo jifunze kuputi. Azima au nunua fimbo moja ya kuputi na mipira mitatu. Tafuta sehemu ya ua iliyofagiwa na kushindiliwa vizuri, au zulia fupi ndani ya nyumba, uchore duara la upana wa milimita 108, ambao ndio upana halisi wa shimo la gofu. Anza kwa mita 1. Ukifikisha mipira 8 kati ya 10, rudi hadi mita 2. Halafu piga kutoka mita 6 au 7 bila kuwaza kuingiza, lengo likiwa mpira usimame karibu na duara. Robo saa kila jioni inatosha.

Wageni hukosea mambo mawili hapa. La kwanza ni kukunja vifundo vya viganja wakati wa kupiga: uso wa fimbo unageuka na mpira unatoka upande. Mabega ndiyo yaisogeze fimbo, mikono ifuate. La pili ni kuinua kichwa mapema kuufuata mpira kwa macho. Kichwa kikiinuka bega nalo linafunguka, na mpira unavutwa kando. Kaza macho pale mpira ulipokuwa mpaka uwe umeshatoka.

Kwa mipigo mirefu, jifunze fimbo moja tu, ya chuma namba 7, na uipige nusu mzunguko: mikono isipande kupita usawa wa kifua. Tumia mipira ya plastiki yenye matundu. Mpira halisi, hata ukipigwa na asiyejua, unaweza kuruka zaidi ya mita 100, nao ni mgumu kama jiwe. Usiupige kwenye uwanja wa shule wenye watu, wala kuelekea barabara au nyumba. Na tunawaomba sana vijana wa Shangani, ufukwe wakati maji yamekupwa si kiwanja cha mazoezi ya mipira halisi. Kuna watoto, kuna akina mama wanaochokoa pweza na kuokota chaza, na kila mpira unaoangukia baharini unabaki huko.

Vifaa sasa. Sheria inaruhusu fimbo zisizozidi 14, lakini wewe zinakutosha 6 au 7: moja ya mbao au haibridi kwa mipigo mirefu, chuma namba 7 na namba 9, weji ya kawaida (fimbo fupi ya kuurusha mpira juu), weji ya mchanga na fimbo ya kuputi. Hizo zikodi Dar. Ununue mipira 10 ya bei nafuu, vijiti vya tii, vile vya kuinulia mpira kwenye mpigo wa kwanza wa kila shimo, kama 10, glavu moja ya mkono wa kushoto kama unapiga kwa kulia, na kitaulo. Kila mpira utie alama yako kwa kalamu isiyofutika, kwa sababu mipira miwili ya chapa moja na namba moja ikilala pamoja na hakuna anayejua upi wa nani, yote inahesabiwa imepotea. Sarafu ya shilingi 100 itakufaa kuweka alama kwenye grini. Viatu viwe vya gofu vyenye meno laini ya plastiki au mpira, au raba za soli bapa kama klabu inaziruhusu. Vyenye meno ya chuma vinachana nyasi.

Safari isikuponze. Mtwara hadi Dar ni kama kilomita 560, basi linakula siku nzima, kwa hiyo fika angalau siku moja kabla. Kama shindano liko kati ya Machi na Mei, ongeza siku: wakati huo masika ya Dar na Pwani yanakutana na mwisho wa mvua zetu za kusini, na wasomaji wanakumbuka jinsi barabara ilivyokatika Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya. Kama mchezo uko Lugalo, kiwanja kile ni cha jeshi. Beba kitambulisho, na usipige picha maeneo ya kambi.

Siku yenyewe fika klabuni saa moja kabla ya muda wako. Jiandikishe, onana na kedi wako, piga mipira 20 au 30 ukianza na weji, kisha tumia dakika 10 kwenye grini ya mazoezi uujue mwendo wa nyasi. Mara nyingi timu zote huanza kwa pamoja, kila moja kwenye shimo lake, kwa hiyo tembea mapema hadi shimo mlilopangiwa, kwani linaweza kuwa la mbali. Kwa sheria za kawaida, anayechelewa ndani ya dakika 5 anaongezewa mikwaju 2, yaani mipigo 2 kwenye hesabu yake, anayezidisha hapo anaondolewa. Shindano la hisani huenda lisikubane hivyo. Ila watu watatu wamesimama juani wanakungoja, nao watakumbuka.

Kwenye televisheni naona wachezaji wanatazama mpira muda mrefu, wanaupima, wanazunguka. Je, ndivyo inavyotakiwa? Na nani anapiga kwanza?
*Msomaji wa Masasi*

Usiwaige hao. Wanachezea fedha nyingi, na hata wao huonywa wakizidisha. Sheria inapendekeza mchezaji apige ndani ya sekunde 40 tangu awe na nafasi ya kupiga bila kizuizi, na inasema kwa kawaida aweze kupiga mapema zaidi ya hapo. Siri ni kufikiri kabla zamu haijafika. Wakati mwenzako anapiga, wewe umeshajua umbali wako, fimbo umeichagua, glavu umevaa. Zamu ikifika, jaribio moja la kuzungusha fimbo, kisha piga.

Kimapokeo, kwenye tii ya kwanza, yaani pale shimo linapoanziwa, zamu hufuata orodha au kura, na kuanzia hapo aliyemaliza shimo lililopita kwa mikwaju michache ndiye anatangulia. Baada ya tii, aliye mbali zaidi na shimo ndiye anayepiga. Lakini katika mchezo wa kuhesabu mikwaju, aliye tayari anaweza kupiga kwanza bila adhabu, na sheria yenyewe inalihimiza hilo, mradi ni salama na wenzako wanajua. Sema wazi, "Niko tayari, napiga," usubiri wakubali. Mkishindana ana kwa ana, shimo kwa shimo, mambo ni tofauti: ukipiga nje ya zamu mpinzani ana haki ya kukurudisha upige upya, ingawa mnaweza kukubaliana kubadilisha zamu ili kuokoa muda.

Muda mwingi hupotea kwenye kutafuta mpira. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2019, muda wa kutafuta ni dakika 3, si 5 kama zamani. Zikiisha, mpira umepotea: unarudi ulipopigia na unaongeza mkwaju 1 wa adhabu. Ili usirudi nyuma mita 150 huku kundi linalofuata linakutazama, ukihisi mpira umepotea au umetoka nje ya mpaka, piga mwingine wa akiba palepale kabla hujaondoka. Ni lazima utamke kwamba unapiga mpira wa akiba. Usipotamka, huo wa pili ndio umekuwa mpira wako halali, pamoja na adhabu, hata kama wa kwanza utaonekana umelala katikati ya feawei, ile njia ya nyasi zilizokatwa kati ya tii na grini. Wageni huumia sana hapa.

Kama kundi la nyuma linawasubiri na mbele yenu kuko wazi, simameni pembeni muwape ishara wapite, bila kusubiri waombe. Fimbo na mifuko iacheni upande wa grini ulio karibu na tii inayofuata, na mkimaliza ondokeni hapo haraka. Mikwaju itaandikwa mkifika tii inayofuata.

Usipige kamwe kama walio mbele wanaweza kufikiwa na mpira wako, hata ukijiamini kwamba hutafika. Ukiona mpira unaelekea kwa watu, piga kelele "Foo!" kwa sauti yote, bila aibu na bila kungoja uone unapoangukia. Ukiisikia wewe, usigeuke kutazama. Inama, funika kichwa kwa mikono. Na radi zikianza kunguruma una haki ya kusimamisha mchezo mwenyewe, bila ruhusa ya mtu. Usijifiche chini ya mti na usisimame ukishikilia fimbo. Rudi kwenye jengo.

Shikamooni wahariri. Mimi ni kijana wa Mikindani, mjomba amenitafutia kazi ya ukedi Dar. Kubeba mzigo naweza. Nataka kujua ni nini kitanifanya nifukuzwe au nipendwe.
*Kijana wa Mikindani*

Marahaba kijana wetu. Umeuliza la maana, kwa sababu kedi mzuri ndiye anayewafundisha adabu wageni wengi, tena bila kuwaaibisha.

Anza kwa kuhesabu. Kabla ya tii ya kwanza hesabu fimbo mfukoni. Zikiwa 15, mchezaji anatozwa mikwaju 2 kwa kila shimo alilocheza nazo, hadi mikwaju 4 kwa raundi. Hesabu tena baada ya kila grini, kwani weji ndiyo hulazwa kwenye nyasi ikasahaulika. Fuata kila mpira kwa macho hadi utulie, ukiuhusisha na kitu kisichosogea, mti fulani au kona ya banka, lile shimo la mchanga. Kedi anayeona mpira ulipoangukia anaokoa dakika 3 kila mara.

Simama tuli, ukimya, mahali ambapo mchezaji hakuoni kwa pembe ya jicho. Kuna mahali pamoja pamekatazwa kwa sheria: mchezaji akishaanza kujipanga kupiga, usisimame nyuma ya mpira kwenye mstari wa kulenga kwa makusudi. Akipiga ukiwa hapo, adhabu ni mikwaju 2, na inamwangukia yeye. Ushauri mpe mchezaji wako tu. Na wachezaji nao wajue kwamba kumwuliza mshindani "umetumia fimbo namba ngapi?" ni kosa la mikwaju 2. Kuuliza umbali hadi bendera si kosa.

Mchanga wa banka uingie kutoka upande wa chini ulio karibu na mpira. Usishuke kwenye ukingo mrefu, unaporomoka. Mwingiapo ingia na reki, mchezaji akishapiga sawazisha shimo la mpigo na nyayo zote ukitoka kwa njia uliyoingilia. Mkumbushe mgeni wako asiguse mchanga kwa fimbo nyuma ya mpira, wala katika jaribio la kuzungusha, kwani hilo lina adhabu.

Kwenye grini ndipo kedi anapojulikana. Usikanyage mstari kati ya mpira wa mtu yeyote na shimo. Usikimbie, usiburute miguu. Angalia kivuli chako kisilale juu ya shimo. Ukiombwa kushika bendera, simama umbali wa urefu wa mkono, kwani ukingo wa shimo ni laini na ukisimama karibu unabonyea. Kishikilie kitambaa pamoja na mti wake kisipepee, maana upepo wa kusi na kaskazi unavuma vilevile Dar. Kisha utikise mti kidogo mapema kuhakikisha haujakwama, la sivyo utakapouchomoa utatoka na kikombe cha ndani ya shimo huku mpira unakuja. Ukiuondoa, ulaze taratibu nje ya njia za watu, usiutupe. Tangu 2019 mchezaji anaweza kuputi bendera ikiwa imo shimoni bila adhabu, kwa hiyo muulize anapenda ipi.

Mpira ukidondoka kwenye grini kutoka juu unaacha kishimo. Kirekebishe kwa uma mdogo au kijiti cha tii: choma pembeni ya kishimo, sukuma nyasi kutoka kila upande kuelekea katikati, kisha gonga taratibu kwa kitako cha fimbo ya kuputi. Usichome chini na kuinua udongo kama unayechimba muhogo. Unakata mizizi, na doa linabaki kavu kwa muda mrefu kuliko lingebaki bila kuguswa. Kwenye feawei, bonge la nyasi lililong'olewa lirudishwe na kukanyagwa, au tundu lijazwe mchanga, kutegemea utaratibu wa klabu. Waulize makedi wenyeji siku ya kwanza.

Malipo mpatane kabla ya kuanza, kwa kiwango cha klabu. Ukisikia mazungumzo ya biashara ya wachezaji, yaache kiwanjani.

Mimi ni mama wa Kiislamu, ofisi yetu imealikwa. Navaa hijabu na nguo ndefu. Nitaruhusiwa? Na kama siku hiyo itaangukia Ramadhani?
*Mama wa Lindi Mjini*

Utaruhusiwa, mama. Sheria za gofu hazipangi mavazi. Klabu ndizo zinazopanga, na masharti yao ya kawaida ni shati lenye kola, hakuna jinzi, hakuna fulana za shingo ya mviringo, hakuna ndala. Suruali pana ndefu na blauzi ya mikono mirefu yenye kola inatimiza yote kwa pamoja na stara yako. Dira na baibui pana tunakushauri uviache kwa shughuli nyingine, si kwa sababu ya klabu bali kwa sababu fimbo itakamata kitambaa, na hutaona miguu yako imekaa vipi. Hijabu iwe fupi, ya kitambaa chepesi, ncha zake zimechomekwa ndani ya kola. Ikining'inia itakufunika macho pale unapoinama kutazama mpira. Andika barua pepe kwa klabu mapema uulize, upate jibu la maandishi, ili mlangoni asitokee mtu wa kubahatisha.

Kuhusu saumu: mashimo 18 kwa miguu ni zaidi ya saa 4 na si chini ya kilomita 7, kwenye joto na unyevunyevu wa pwani. Asiyefunga anahitaji kama lita 2 za maji kwa muda huo, na dafu likipatikana ni bora kuliko soda. Aliyefunga anajiweka hatarini. Mkiwa wenyewe, chezeni mashimo 9 kuanzia alasiri, mmalize kabla ya futari. Ikiwa shindano ni asubuhi na haliwezi kusogezwa, waambie waandaaji mapema, angalau wiki moja, wakuweke kwenye kuandika matokeo au wamwingize mwingine. Timu inayobaki na watu watatu asubuhi ya mchezo ndiyo inayokasirika. Udhuru uliotolewa mapema haumkasirishi mtu.

Mimi ni mchongaji. Naweza kuchonga vijiti vya tii vya mpingo nikawauzia wacheza gofu?
*Fundi wa vinyago, Mtwara*

Vijiti hapana, fundi. Mpingo ni mgumu mno. Kijiti cha tii kinatakiwa kiwe dhaifu kuliko fimbo, kivunjike au kiruke kikigongwa. Cha mpingo kitakwaruza fimbo za watu, na kikisahaulika kwenye nyasi kitaharibu visu vya mashine ya kukatia. Kisha mti unaochukua miongo mingi kukomaa usiishie kwenye kitu kinachodumu mashimo mawili. Tumia mianzi au mti laini mweupe. Kijiti kisizidi milimita 101.6, huo ndio mpaka wa sheria. Milimita 70 zinafaa kwa fimbo kubwa ya kwanza, 40 kwa fimbo za chuma. Kikombe cha juu kiwe na upana wa kama milimita 12, na kila kijiti kikae sawa na mwenzake, kwa sababu mchezaji anataka mpira urefu uleule kila mara.

Mpingo wako upeleke kwenye vialama vya mpira: kisahani bapa cha upana wa kama milimita 25, unene wa milimita 2 au 3, kilichosuguliwa mpaka king'ae, chenye nakshi ya Kimakonde upande mmoja. Mchezaji anaweka kialama nyuma ya mpira kabla ya kuuokota kwenye grini, akiurudisha mpira ndipo anakiondoa. Hiki anakitunza kwa miaka. Na waandaaji wa mashindano kila mwaka hutafuta zawadi. Wapelekee sampuli.

Nimesikia gofu haina refa. Nani basi anazuia udanganyifu? Na handikapu ni nini?
*Mwalimu, Nachingwea*

Waamuzi wapo kwenye mashindano makubwa, ila hawatembei na kila kundi. Kazi hiyo mnaifanya wenyewe. Kabla ya kuanza mnabadilishana kadi, kila mmoja anaandika mikwaju ya mwenzake, na mwishoni wote wawili wanaithibitisha kwa saini. Linganisheni baada ya kila shimo, msingoje mwisho, kwani baada ya mashimo 18 hakuna anayekumbuka la 4. Kadi ikirudishwa na idadi ndogo kuliko mikwaju halisi kwenye shimo lolote, kwa kawaida mwenye kadi anaondolewa. Ikiwa na idadi kubwa kuliko halisi, inabaki hivyohivyo, hasara ni yake. Mkwaju uliokosa mpira unahesabiwa, maana ulikusudia kupiga.

Handikapu ni namba inayoonyesha kiwango cha mchezaji, nayo humpa mikwaju ya nyongeza; ndiyo inayomwezesha mgeni kushindana na bingwa. Mfumo wa dunia nzima ulianza 2020, na kiwango cha juu ni 54.0. Klabu inachukua handikapu yako, inazidisha kwa kipimo cha ugumu wa kiwanja, inagawanya kwa 113, kisha inaongeza tofauti kati ya makadirio ya kiwanja (mikwaju anayotarajiwa kutumia mchezaji hodari) na idadi yake ya kawaida ya mikwaju, yaani pari. Tuseme handikapu yako ni 24.0, kipimo cha ugumu 120, na makadirio ni sawa na pari: 24 × 120 ÷ 113 ni kama 25. Una mikwaju 25 ya nyongeza: 1 kila shimo, na wa pili kwenye mashimo 7 magumu zaidi, ambayo kadi inayaonyesha kwa namba.

Mkicheza kwa pointi za Stableford, mtindo ambao kila shimo linakupa pointi kulingana na mikwaju uliyotumia, chukua moja ya mashimo hayo 7 lenye pari ya 4. Kwako mikwaju 6 ni pointi 2, mikwaju 7 ni pointi 1, mikwaju 8 ni sifuri. Kwa hiyo ukipiga wa 7 mpira haujaingia, uokote. Mgeni anayeendelea kupiga hadi wa 12 kwa kufikiri ndiyo uaminifu anawachosha wenzake bila faida yoyote.

Naenda kucheza na wanunuzi wa korosho. Ni wakati gani wa kuzungumza biashara?
*Mfanyabiashara, Tandahimba*

Mkitembea kutoka tii hadi mpira, na mkikaa mezani baada ya mchezo. Mtu akishasimama kwenye mpira wake, nyamaza, hata kama bei ilikuwa inapanda. Simu izimwe au iwe kimya. Ukitegemea simu ya lazima, waambie wenzako tangu mwanzo, na ikiingia jitenge.

Mashimo matatu ya kwanza usitaje mnada kabisa. Mtu anayehangaika kutafuta mpigo wake hasikii bei. Mkimaliza shimo la mwisho vua kofia, peana mkono na kila mchezaji na kila kedi, mlipe kedi wako palepale kabla hujaingia ndani, kisha oga au badilisha shati. Kama hunywi pombe, agiza kinywaji chako baridi bila kueleza sababu, na ulizia nani analipia meza. Ukiwa mgeni wao, mara nyingi utaambiwa imeshalipiwa. Ukiwa wewe ndiye uliyewaalika, acha maagizo kaunta kabla ya mchezo ili bili isizunguke mezani.